Mbuni Ndani ya Kisanduku cha Buluu

Nina mgeni. Nimemlaza kwangu, namlisha kwangu, lakini macho yake yako kwa jirani. Ni nani?

Nyanjige, mke mkubwa wa Masele, alikitega kitendawili hicho kila msimu wa kuchambua pamba. Wanawake na watoto wakishakaa kwenye turubai na lundo la pamba katikati, yeye alianza: “Kalagu.” Watoto wakaitika kwa pamoja, “Kize,” kama wanavyoitika Wasukuma wote, na vidole havikuacha kazi. Wengine walisema ni paka. Wengine dirisha. Mmoja aliwahi kusema ni bwana shamba, watu wakacheka mpaka pamba ikaruka. Mwisho walimpa mji, akala mji wake, akawapa jibu: ni wivu. Miaka yote hiyo alilitaja neno hilo kama mtu anavyomtaja fisi wa kijiji cha ng’ambo. Anajua yupo, lakini hajawahi kufunga mlango kwa ajili yake.

Mwaka ule soko la pamba lilipofunguliwa, fisi alikuja akalala kizingitini.

Kaya ya Masele ilikuwa mwendo mfupi kutoka Dutwa, ndani ya uzio wa minyaa. Ukiingia langoni unakutana kwanza na nyumba kubwa, ya Nyanjige, yenye bati. Nyuma yake ni zizi, na ng’ambo ya zizi ni nyumba ndogo ya Minza, mke wa pili, iliyoezekwa nyasi. Mgeni yeyote alianzia nyumba kubwa. Alitoa salamu yake, mwadila au mwangaluka, akapewa maziwa mgando au michembe ya viazi vikavu, akaeleza kilichomleta, ndipo akaelekea kwingine. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini hata mbuzi wa kaya waliijua.

Tena Minza hakuja kwa nguvu. Nyanjige mwenyewe ndiye aliyemchagua, miaka saba nyuma, alipoona watoto wake wakubwa, Salu na dada zake, wameolewa wote na jembe limebaki mikononi mwake peke yake. Alikwenda mpaka Lagangabilili kumwangalia binti, akamtazama anavyopeta mahindi, akarudi akamwambia Masele kwamba amempata. Akamfundisha Minza mengi. Akamfundisha kutenga pamba nyeupe na pamba fifi, ile yenye madoa ya manjano, bila kuangalia, kwa kuisikiliza na ncha za vidole. Akamfundisha kushona magunia, kila mke na uzi wake ili mzani usichanganye jasho la watu: mweusi wa Nyanjige, mwekundu wa Minza. Na akamwonyesha, mara moja tu, kapu la wakubwa.

Kapu hilo lilining’inia juu ya kitanda cha Nyanjige. Lilikuwa na mfuniko, na ndani yake zilikaa bangili za shaba za wazee wa ukoo wa Masele waliotangulia, kila bangili na jina la mwenyewe. Mara moja kwa mwaka Nyanjige alizisugua kwa majivu na maji ya ukwaju mpaka zikawaka. “Vitu vya kaya hukaa nyumba kubwa,” alimwambia Minza siku ile. Minza alipiga goti akasema amesikia.

Basi mwaka ule walikuja wanunuzi wapya. Zamani ilikuwa chama cha msingi tu, unapeleka pamba yako, unasubiri, unazeeka. Sasa mizani ilisimama mitatu pale Dutwa, na kila mwenye mzani aliwaita wakulima kama mwuza samaki. Kampuni moja, yenye malori ya kijani, ilipiga mbiu kwamba mkulima atakayeleta pamba safi kuliko wote atapewa sarafu ya dhahabu ya ukumbusho, iliyotengenezwa kumuenzi rais mstaafu. Wazee walicheka. Wakasema matajiri wamekuja na sura ya Mwalimu mfukoni ili tusiwaogope. Lakini kila mmoja alikwenda nyumbani akachambua pamba yake mara mbili.

Kila mmoja isipokuwa Minza. Minza alikuwa ndani, amejifungua mtoto wa kiume, Maige, na desturi ni kwamba mzazi hashiki kazi. Kazi ya mke mdogo aliye ndani hufanywa na mkubwa. Nyanjige akaifanya. Alimpikia uji, alimfulia, akaichambua pamba ya Minza kwa wiki tatu, unyuzi kwa unyuzi, maana hakutaka mtu aseme aliichambua ya mwenzake kwa mkono wa kushoto. Akayajaza magunia, akayashona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Ya kwake aliichambua siku za mwisho, haraka haraka, mgongo ukimuuma, lori likipiga honi barabarani.

Majibu mnayo tayari.

Siku ya tuzo watu walijaa uwanja wa mnada. Bwana wa kampuni, mwenye kaunda suti, alisoma majina kuanzia chini. Uzi mweusi wa kaya ya Masele ukashika nafasi ya tisa. Watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha wakaja wa tano, wa tatu, wa pili, na wa kwanza alikuwa uzi mwekundu: Minza.

Minza alimtupia Nyanjige mtoto mgongoni, akajifunga khanga vizuri, akapanda jukwaani. Alipewa kisanduku kidogo cha buluu, laini kama sikio la ndama. Akakifungua. Hata waliosimama mbali waliona kitu kimemulika. Bwana yule akamsogezea kipaza sauti, akamwomba awape wenzake siri ya pamba safi namna ile.

Nyanjige, mtoto mgongoni, alisubiri. Hakutaka kuitwa jukwaani. Alitaka jina lake tu, dogo, lipite katika kile kipaza sauti kama mtu anavyopita mlangoni.

“Ni kuamka mapema tu,” Minza alisema.

Watu wakacheka, wakapiga vigelegele. Maige akaanza kulia mgongoni, na Nyanjige akamtikisa, akamtikisa, akaendelea kumtikisa hata mtoto alipokwisha nyamaza.

Hakusema kitu njiani kurudi. Wala nyumbani hakusema. Angesema nini? Kwamba alimsaidia mzazi? Hiyo si habari, hiyo ni desturi. Mtu akidai sifa kwa desturi, ataonekana kama anayedai shukrani kwa kupumua. Akalimeza neno lile, na lilipofika tumboni likaanza kula.

Kesho yake wakaja wageni wa kwanza. Nyanjige alikuwa na michembe motoni. Aliwaona wanaingia langoni, wanawake wanne kutoka ng’ambo ya barabara, akafuta mikono. Wakamtupia salamu wakitembea, “Mwadila mayu,” wakakata pembeni mwa nyumba kubwa, wakazunguka zizi, wakaingia kwa Minza. Vigelegele vikasikika. Michembe ikaungua.

Wakaja wengine, na wengine. Walikuja wa Dutwa kwa baiskeli, wakaja wakwe kutoka Lagangabilili, akaja hata mtu wa Kalemela aliyeleta samaki wakavu sokoni akasikia habari. Baada ya wiki mbili nyasi za pembeni mwa nyumba kubwa zilikuwa zimelala, na baada ya mwezi palikuwa na njia kabisa, nyeupe, ngumu, inayotoka langoni mpaka kwa Minza bila kugusa kizingiti cha Nyanjige. Alikuwa akiifagia asubuhi. Uwanja ni wake, lazima ufagiliwe. Kila asubuhi alifagia njia ya wageni wa mwenzake.

Generoza, jirani yake mwenye ulimi, hakuacha jambo lile lilale. Alimkuta na ufagio akamwambia, “Mama Salu, nyumba yako siku hizi ni kama kituo cha basi kilichohamishwa. Kibao kipo, abiria hawashuki.”

“Wakishuka nitawauzia maji,” Nyanjige alijibu, naye akacheka. Lakini alipoingia ndani alikaa kitandani chini ya kapu la wakubwa, akagundua kwamba ametafuna ncha ya khanga yake mpaka imelowa.

Wivu una adabu zake za ajabu. Haukumzuia kumpenda Maige. Alimwogesha, alimwimbia. Lakini Minza akicheka ndani kwake na wageni, Nyanjige alihesabu urefu wa kile kicheko. Minza akipita na ndoo kichwani, aliitazama shingo yake akaona imenyooka kuliko zamani. Hata pamba iliyobaki kwenye miti aliiona ni nyeupe zaidi upande wa shamba la Minza, na anajua fika mbegu ni zile zile.

Ikafika siku ya Minza kumpeleka mtoto kliniki Bariadi. Aliondoka na basi la asubuhi. Akaja kupiga goti mlangoni pa nyumba kubwa akasema, “Dada, nitazamie nyumba.”

Nyanjige akaitazama kweli. Mchana, jua likiwa katikati, aliingia, akafungua sanduku la bati, akainua nguo za mtoto moja moja, akakikuta kisanduku cha buluu. Hakuwa amewahi kukishika. Wote wa kata nzima walikuwa wamekishika isipokuwa yeye, maana hakuna aliyemkaribisha na asingeomba. Ndani, juu ya kitambaa cheupe, kilikaa kichwa cha Mwalimu, upande mmoja, kimetulia, na upande wa pili mwenge. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Akaona hiki ni kitu cha kaya. Na vitu vya kaya hukaa wapi?

Alikuwa na kopo la vifungo nyumbani kwake, na ndani ya kopo hilo zilikuwamo senti za zamani zilizokufa, zile ambazo hazikuweza kununua hata njiti moja ya kiberiti. Akachagua senti ishirini, ya manjano, yenye kichwa kile kile cha Mwalimu upande mmoja na mbuni anayekimbia upande wa pili. Akaisugua kwa majivu na ukwaju, kama anavyosugua bangili za wazee. Akaisugua mpaka ikawaka. Akailaza kwenye kitambaa cheupe, kichwa juu, akafunga kisanduku, akarudisha nguo za mtoto moja moja. Dhahabu ikaingia kapuni, katikati ya bangili. Jioni alimpokea Minza kituoni, akambebea mtoto, akauliza kilo ngapi ameongeza.

Mwizi huogopa asubuhi. Nyanjige aliamka akingoja kilio kutoka nyumba ndogo. Hakikuja. Wakaja wageni.

Wakaja, wakakata njia yao nyeupe, wakaingia, vigelegele vikalia kama jana. Nyanjige akabeba bakuli la chumvi, kisingizio, akaenda kuona. Mzee Ngeleja, aliyekuwa karani wa chama cha msingi enzi zile, alikuwa ameketi kwenye kigoda, miwani puani, kisanduku mkononi. Machozi yalimlengalenga. Alisema dhahabu haifichiki, hata kipofu ataisikia. Akasema mtu huyu ametufundisha kusoma, na ona sasa, amewekwa kwenye madini yanayomstahili. Alikuwa akiililia senti ishirini ambayo yeye mwenyewe, ujanani, aliwatupia watoto wakanunue pipi.

Minza aliichukua kwa vidole viwili, akaionyesha kwa wote, upande wa kichwa. Hakuigeuza. Akairudisha kwenye kitambaa, akafunga.

Nyanjige alirudi kwake na chumvi yake. Akashusha kapu, akafunua, akaitazama dhahabu. Dhahabu nayo ikamtazama kwa jicho moja. Hakuna aliyepiga kigelegele. Hakuna aliyelia. Alijaribu kuketi nayo kama wanavyoketi wenye mali, mkono juu ya goti, akasikia tu kuku wakiparua nje, na ng’ambo ya zizi watu wakicheka. Ndipo alipopatwa na jambo ambalo hakuwahi kulitegea kitendawili: alikuwa na dhahabu mkononi, na anaionea wivu senti ya shaba.

Ikaenda hivyo mpaka mvua za vuli zilipokaribia, na Masele akaanza kusema habari ya maksai. Wawili aliokuwa nao walikuwa wamezeeka, na jembe la kukokotwa linataka mabega. Siku moja wakati wa chakula alisema amesikia kuna mnunuzi wa dhahabu, anaitwa Josia, anazunguka kutoka machimboni na mzani wake. Amemwita Jumamosi. Aione sarafu, aseme inafika ng’ombe wangapi. Kisha watashauriana.

Minza akamega ugali. Nyanjige akainuka kutoa vyombo.

Siku tatu zilibaki. Alizitumia zote akiitazama picha moja kichwani. Josia anafungua kisanduku. Josia anacheka. Masele anageuka: Mama Maige, dhahabu ya watu umeipeleka wapi? Minza hana jibu. Baba yake anaitwa kutoka Lagangabilili. Vyombo vinafungwa. Nyasi zinaota tena juu ya ile njia nyeupe, na wageni wanashuka kituo cha zamani. Hakuhitaji kusema neno. Alihitaji kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa amekwisha kukuzoea.

Lakini picha ile ilikuwa na kona mbaya. Katika kona hiyo alikuwapo Maige, amefungwa mgongoni kwa mtu anayeondoka.

Ijumaa mchana alifunga dhahabu kwenye pindo la khanga akavuka zizi. Angeomba kumshika mtoto, angemtuma Minza maji, angeirudisha. Alipofika karibu na mlango akasikia sauti. Mgeni mmoja, Benedikta wa kanisani, alikuwa amepiga magoti yote mawili mbele ya Minza akimpa jogoo wa zawadi, eti kwa heshima aliyowaletea wanawake wa Dutwa. Alipomwona Nyanjige, Benedikta akasema, bila kuinuka, “Ee, Mama Salu, karibu,” kama yeye ndiye mwenye nyumba. Nyanjige akageuka na pindo lake. Akajiambia: acha Jumamosi ije.

Jumamosi ikaja na baiskeli. Josia alikuwa mtu mwembamba mwenye mkoba wa ngozi. Akatandika kitambaa juu ya kigoda nje ya zizi, akapanga vitu vyake: mzani mdogo, jiwe jeusi la kupimia, kichupa cha dawa kali. Masele akaketi. Nyanjige akasimama ameegemea nguzo ya nyumba kubwa. Minza akaja na kisanduku, akapiga goti, akakiweka juu ya kitambaa.

Josia akafungua. Akaichukua sarafu, akaisogeza kwenye jiwe.

“Usijisumbue, baba,” Minza alisema. “Hiyo ni senti ishirini.”

Kigoda cha Masele kililia. Josia akaigeuza, na mbuni akatokea, anakimbia. Nyanjige alihisi nguzo imekuwa ya moto mgongoni. Alisubiri jina lake, kama alivyolisubiri siku ile mnadani, ila safari hii aliomba lisije.

“Ile yenyewe iko nyumba kubwa,” Minza akaendelea, sauti ile ile ya kuomba chumvi. “Tangu nilipotoka kliniki. Vitu vya kaya hukaa nyumba kubwa. Mimi nina nyumba ya nyasi na watoto wa watu wanaingia na kutoka. Hii niliiacha ili kisanduku kisikae kitupu.”

Masele alimgeukia mke wake mkubwa. “Ni kweli, Mama Salu?”

Nyanjige alifungua mdomo. Lilikuwa swali jepesi, na jibu lake lilikuwa limekwisha kupikwa, limepakuliwa, ni kula tu. “Iko kwangu,” alisema. Hilo lilikuwa kweli, hata kama halikuwa kweli yote.

Akaingia, akashusha kapu. Bangili zikagongana alipoichomoa dhahabu. Akatoka nayo. Josia akaisugua kwenye jiwe, akadondosha dawa, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Akasema ni dhahabu hasa, akataja maksai wawili na ndama juu. Masele akafurahi, lakini hakuwa mtu wa pupa. Akamuuliza Minza anasemaje, kwa kuwa tuzo ni yake.

“Muulize anayeitunza,” Minza alisema.

Hapo Nyanjige aliona mlango mwingine umefunguliwa, na mgeni wake yule akamsukuma mgongoni. Sema iuzwe. Ikiuzwa hakuna mwenye nayo. Njia itakufa leo hii, maksai watakuwa wa wote, na hakuna atakayekulaumu. Alimtazama Minza. Minza alikuwa anatazama chini, na shingo yake, kumbe, haikunyooka kiasi kile. Ilikuwa shingo ya mtu anayesubiri kupigwa.

“Haiuzwi,” Nyanjige alisema. “Maksai tutawapata kwa pamba. Si tumesikia tunajua kuichambua.”

Josia akafunga mkoba wake, akanywa maziwa yake nyumba kubwa kama desturi, akaenda zake. Masele akaenda kuwatazama ng’ombe, akinung’unika kwamba mtu mwenye wake wawili hulima kwa maneno.

Wakabaki wawili na lundo la mahindi ya kupukuchua. Walipukuchua gunzi la kwanza, la pili. Nyanjige ndiye aliyeanza.

“Ulijua lini?”

“Jioni ile ile. Nilifungua nimwonyeshe mtoto.” Minza alilitupa gunzi. “Ilinuka ukwaju, dada. Katika kaya hii nani anasugua vitu kwa ukwaju?”

“Na hukusema.”

“Ningesema nini? Mkono uliokuja kuchukua ndio uliochambua.”

Nyanjige alichukua gunzi jingine. Alitamani Minza angemtukana. Tusi angelijibu. Sasa alikuwa amezidiwa hata kwa wema, na hilo nalo, aibu ya Mungu, alilionea wivu.

“Siku ile mnadani,” Minza alisema polepole, “jina lako nilikuwa nalo mdomoni. Haki ya Mungu. Kisha nikatazama chini nikaona watu wote wananitazama mimi. Miaka saba naitwa yule mdogo wa Mama Salu. Pamba yangu wanasema kafundishwa na Mama Salu. Ugali wangu, wa Mama Salu. Hata nilipojifungua walisema Mama Salu amepata mtoto. Nikasema moyoni, hili moja liwe langu. Nikalimeza jina lako.” Alipangusa pua kwa kiganja cha mkono. “Halikushuka vizuri. Kila mgeni aliyekuja lilipanda.”

Nyanjige aliacha kupukuchua. Miaka yote ile alidhani ni yeye anayefundisha na mwenzake anayepokea. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuchoka kupokea.

“Kumbe na wewe,” alisema.

“Na mimi. Yule mgeni wako wa kitendawili, dada, alilala kwangu kabla hajaja kwako.”

Nyanjige akaanza kucheka. Hakutaka, lakini kilimtoka, na kilipotoka kikamvuta Minza, wakacheka mpaka Generoza akachungulia juu ya minyaa kuuliza nani amekufa.

Baadaye, jua likielekea zizini, Nyanjige aliifunga dhahabu kwenye kitambaa akamwekea Minza mapajani. Akasema sikupewa, niliichukua, na sasa nimerudisha. Minza akakataa. Wakabishana kama wanaogombea kulipa nauli. Mwisho dhahabu ilirudi kapuni na senti ishirini ikarudi kwenye kisanduku cha buluu, na Minza akasema mengine atayasema mwenyewe.

Na aliyasema. Jumapili iliyofuata, Dutwa, mbele ya wanawake waliotoka kanisani na Benedikta akiwa katikati yao, alisema pamba ile ilichambuliwa na kushonwa na mkono wa Mama Salu, yeye akiwa ndani na mtoto mchanga, na kwamba kuamka mapema ni kweli aliamka, ila ni kunyonyesha. Habari ya ukwaju hakuisema. Mpaka leo hajaisema.

Wageni hawakukoma. Sasa waliingia nyumba kubwa, wakala michembe, Nyanjige akawafunulia kapu, wakaona dhahabu, wakapiga vigelegele kwa sauti ya chini kama inavyotakiwa mbele ya vitu vya wakubwa. Halafu waliuliza: na huyo mbuni yuko wapi? Maana Minza alikuwa amewachekesha Dutwa nzima kwa kisa cha Mzee Ngeleja kuililia senti ishirini. Wakavuka zizi. Huko walikaa sana. Huko walicheka kwa nguvu, Mzee Ngeleja mwenyewe akiwa wa kwanza.

Nyanjige aliwasikia akiwa mlangoni, na kapu lake mapajani. Akapima urefu wa kile kicheko. Kilikuwa kirefu. Aliketi kidogo na mgeni wake wa siku zote, akamlisha dakika moja, mbili. Kisha akalitundika kapu juu ya kitanda, akapakua michembe iliyobaki kwenye sinia, akaifuata njia ile nyeupe mpaka nyumba ndogo. Hakugonga.

“Sogeeni,” alisema. “Na mimi sijawahi kumwona huyo mbuni vizuri.”